Tope Jeusi la Ndiva

Mwaka ule mboga za Jenifer zilistawi mpaka zikaanza kumnyima Sadock usingizi.

Mchicha ulikuwa na majani mapana ajabu, mnavu umetanda hadi kwenye uzio wa matete, na kila aliyepita njia ya kanisani alisimama kidogo ashangae. Wengi walimsifu Jenifer kwa bidii yake. Jenifer mwenyewe, mjane asiye na makuu, alikuwa na jibu moja tu. "Ni tope la shemeji Sadock," alisema. "Bila yeye hapa pangekuwa mawe matupu." Sadock akisikia hivyo aliinamisha kichwa, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu hata kidogo.

Tope lenyewe lilitoka kwenye ndiva, lile bwawa la mawe na udongo ambalo mababu zao wa Mamba walilijenga juu ya kijiji. Maji ya mfereji huingia humo usiku, yakakusanyika, na asubuhi mgawa maji huzibua tundu yakateremka kwenye tangawizi na migomba. Sadock ndiye aliyekuwa mgawa maji, mwaka wa kumi na mbili huo. Kila mwaka, kabla ya mvua za vuli, kijiji kizima hupanda na majembe kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja isiyo na malipo wala udhuru, wakachota tope lililotuama chini. Tope la ndiva halitupwi. Kila kaya hupata fungu lake ikalimwaga bustanini, na mtu akikosa fungu lake ananuna mpaka Krismasi.

Jenifer hakuwa na mtu wa kumbebea. Mumewe, Anaeli, alifariki miaka minane iliyopita, na binti yake alikwenda Kileo, kule tambarare, kufanya vibarua vya mashamba, akamwachia mjukuu mmoja, Agape. Sadock alikuwa rafiki wa Anaeli tangu wakiwa wadogo, wakicheza na kuchunga pamoja. Basi kila msaragambo alimchotea mjane yule madebe matano, akayabeba begani mwenyewe, na kwa upendo wake hakuchota popote tu. Alichota kwenye kona ambapo mfereji unaingilia, maana tope la hapo lilikuwa jeusi na zito kuliko la katikati, na mgawa maji ana haki ya kuchagua. Tope zito, aliamini, ni tope lenye rutuba.

Hilo ndilo lililokuja kumtafuna.

Ili aeleweke Sadock, lazima kurudi nyuma kidogo. Ujanani aliteremka Same mjini, akajifunza ufundi wa betri kwenye kibanda kimoja karibu na barabara kuu. Malori yalikuwa yakisimama, yeye anapima, anaongeza maji makali, anabadilisha pleti, yale mabamba ya ndani. Suruali zake zote zilikuwa na matundu ya asidi, na mkewe Dorkas, aliyemwoa akiwa na matundu hayo hayo, alikuwa akisema kwa utani kwamba aliolewa na chujio. Baadaye kibanda kikafa, wakarudi mlimani kulima. Ndipo sola zikaingia Mamba. Kila nyumba ikawa na taa, na baada ya miaka miwili mitatu kila nyumba ikawa na betri mbovu chini ya kitanda. Sadock akaona riziki. Akawa anazikusanya na kuzishusha Same kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Tatizo lilikuwa uzito. Kijana wa bodaboda alikataa kabisa kuteremka zile kona na betri zaidi ya mbili. Fundi hashindwi na jambo kama hilo. Juu ya ndiva, mahali ambapo mfereji unapita kando ya jiwe kubwa bapa, Sadock alizipasua betri zake kwa shoka, akamwaga maji yake, akatoa pleti za madini ya risasi na kuzisuuza mferejini hapo hapo, kisha akazifunga kwenye viroba. Maji yakawa ya kijivu kwa muda, halafu yakatakata. Alifanya hivyo miaka sita, mpaka mnunuzi alipohama. Hakumficha mtu kwa nia mbaya. Hakuna aliyemwuliza tu, na watu walipoviona viroba hawakuwa na haja ya kuvifungua. Maji yanapita, aliwaza. Yeye, mgawa maji, aliyejua kuliko mtu yeyote kwamba kwenye ndiva maji hayapiti, hulala kwanza, na kila yalichobeba hukishusha hapo kwenye kona.

Mwezi wa sita akaja mtafiti kutoka chuoni, dada mmoja mpole aitwaye Salha, aliyezaliwa Maore kule chini, kwa hiyo watu walimpokea kama wa kwao. Alikuwa akichunguza madini yaliyomo kwenye udongo wa bustani na kwenye mboga. Alichota udongo kwenye bustani kumi za mtaa ule, ya Jenifer ikiwamo, akauchanganya wote kwenye ndoo moja, akajaza mfuko mmoja, akaenda zake. Mwezi wa nane alirudi na majibu, watu wakakusanyika kwenye uwanja wa kanisa.

"Nimekuta risasi," alisema. "Haya ni madini mazito. Hayaozi kama samadi, wala hayaishi nguvu kama dawa ya wadudu. Yakishaingia kwenye udongo yamekaa. Mboga inayanyonya kidogo kwa mizizi, lakini zaidi yanabaki kwenye vumbi na tope linaloshika majani. Mtoto akila, mwili wake unayashika kuliko wa mtu mzima, yanaingia mpaka kwenye damu na akili."

"Sasa ni bustani ya nani?" akauliza Mzee Eliamini, mwenyekiti wa ndiva.

"Sijui bado, mzee. Nilichanganya. Huenda ni zote kidogo kidogo, huenda ni moja ndiyo imezidi. Vuli ikipita nitakuja kupima moja moja. Kwa sasa osheni mboga vizuri sana." Kisha akawatazama wote. "Kuna mtu aliyewahi kumwaga rangi, au kupasua betri, huku juu?"

Macho yakamgeukia Sadock, si kwa ubaya, kwa kuwa betri zilikuwa kazi yake. Alikuwa mzee wa kanisa. Alikuwa mgawa maji. Kulia kwake alisimama Jenifer, amembeba Agape mgongoni japo mtoto alishafika umri wa kutembea mwenyewe, kwa sababu tumbo lilikuwa likimsokota tena.

"Betri zote nilizishusha Same nzima nzima," akasema.

Salha akaandika hilo kwenye daftari lake. Watu wakapumua. Jambo linalogawanywa kwa bustani kumi halimwumizi mtu kichwa sana, wakatawanyika wakizungumzia bei ya tangawizi. Ni mtu mmoja tu uwanjani pale aliyejua kwamba bustani haikuwa kumi, ilikuwa moja, na kwamba aliijaza yeye mwenyewe, debe kwa debe, kwa bega lake.

Mwenye dhambi kubwa huwa na haraka ya kufanya mema madogo. Kesho yake Sadock alikwenda kwa Jenifer akamshauri aipumzishe ardhi msimu mmoja.

"Ardhi ipumzike, shemeji, na mimi nile nini?" Jenifer akacheka. "Kwani na mimi nikapumzike wapi?"

Akamshauri apande maua. Jenifer akamtazama kama mtu aliyeanza homa. Ndipo Sadock akapata akili ambayo kwa wiki mbili aliiona ni ya maana sana: angenunua mboga zote yeye. Zote, ili zisimfikie mtu. Alidai kuna watu wa hoteli Same wanaozitaka. Jenifer alifurahi mpaka machozi yakamlenga.

Tangu hapo, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, Agape aliletwa na miguu yake midogo akiwa na kapu kichwani. Alikuwa na miaka sita kasoro. Aliyapanga mafungu kwenye benchi, akayahesabu kwa sauti ili Sadock, aliyemwita babu, asikie. "Moja. Mbili. Tatu." Halafu akasimama, akakunja uso, akitafuta. "Na mengine," akamalizia. Kila mara ilikuwa hivyo. Mwalimu wa chekechea alikuwa amemwambia Jenifer kwamba mtoto ni mwema ila hashiki, anachofundishwa leo kesho hakipo. Jenifer alisema watoto hawafanani. Sadock alisema pia kwamba watoto hawafanani, na akili yake ikamwambia papo hapo, mwongo mkubwa wewe.

Mtoto akiondoka, alichukua kapu akaenda nyuma ya zizi, akamwaga mboga kwenye shimo alilochimba na kuzifukia. Mbuzi walimtazama kwa uchungu. Mafungu yalikuwa mazuri kweli, majani ya juu matupu, masafi, hayana hata chembe ya udongo, na siku moja alistaajabu kidogo kwa usafi ule, kisha akasahau. Alikuwa na hesabu yake nyingine moyoni. Kila fungu lililofukiwa, alijiambia, ni sumu ambayo haikumfika mtu. Alikaribia kujisikia mtu mwema, na hilo lilimwogopesha kuliko yote.

Tena mambo hayakwenda alivyopanga. Jenifer, kwa kuona soko limepatikana, alibomoa uzio, akaongeza matuta manne. "Msaragambo wa mwaka huu, shemeji, nitakuomba madebe kumi," alisema. Na mwaka huo kikundi cha wakulima wa tangawizi kilikuwa kimeamua kufukua ndiva yote mpaka chini kwenye mawe, kona na katikati, tope limwagwe kwenye bustani ya kila mtu, pamoja na ya chekechea. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumamosi. Sadock alihesabu siku zilizobaki akaona ni tano, kisha nne.

Siku ya Alhamisi Dorkas alifuata harufu. Alikuwa mwanamke mwenye pua na mwenye subira, na vyote viwili alivitumia. Sadock aliporudi kutoka mferejini alimkuta amesimama kando ya shimo, jembe mkononi, mboga zilizooza zimefukuliwa miguuni pake.

"Baba Tumainieli," alisema taratibu, "hebu nieleweshe. Mwanamume wa umri wako anayemnunulia mjane mboga ili akazizike, ana jambo gani na huyo mjane?"

Kwa dakika nzima Sadock alitamani jambo lingekuwa hilo. Aibu ya namna hiyo ilikuwa na njia yake, kuna wazee wa kusuluhisha, kuna mchungaji. Akaketi kwenye jiwe akamweleza yote, jiwe bapa, shoka, maji ya kijivu, tope la kona, na lile neno la nzima nzima mbele ya Salha.

Dorkas aligeuza debe tupu akalikalia. "Miaka yote hiyo Jenifer alipokuwa akituletea mboga za shukrani," akasema, "tulikula. Mwanetu Tumainieli alikuja na watoto wake likizo, wakala."

"Najua."

"Unajua tangu mwezi wa nane. Na mimi nalala ubavuni pako."

"Nilitaka kulimaliza mwenyewe."

"Umelimaliza? Umezika mchicha. Tope unalizika wapi?" Akainuka, akapangusa sketi. Hakupiga kelele, na Sadock angependa apige. "Keshokutwa Eliamini atauliza, kama anavyouliza kila mwaka. Mimi sitakusemea. Nitasimama pale nikutazame tu."

Alichosema kuhusu Eliamini kilikuwa hivi. Kwenye ndiva ile kuna desturi ya zamani kwamba mtu aliye na jambo na mwenziwe haingii topeni na jembe mpaka alitoe. Wazee wa kale walisema ukiingia nalo ndiva itavuja. Siku hizi watu ni Walutheri na Wakatoliki, mwenyekiti huanza kwa sala, lakini swali halikuondolewa: kabla ya jembe la kwanza, mwenyekiti husimama kwenye ukingo na kusema, mwenye neno aseme. Mara nyingi ni mbuzi wa fulani waliokula mahindi ya fulani. Watu hucheka, wanapeana mikono, kazi inaanza. Miaka sita Sadock aliingia topeni akiwa na neno bila kujua kama ni neno. Huu ungekuwa mwaka wa kwanza kuingia akijua.

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa haujaondoka migombani. Sadock ndiye aliyezibua tundu ili ndiva ikauke, ni kazi yake, na maji yalipokwisha, chini pakaonekana tope, kahawia katikati, jeusi kwenye kona. Watu walikuwa wengi, akina mama na madebe, vijana na sururu, watoto na makopo yao. Dorkas alisimama upande wa pili, mikono amefumbata. Alikuwa akimtazama kweli.

Eliamini akasali. Kisha akavua kofia. "Haya. Mwenye neno aseme."

Kijana mmoja akalalamika kuhusu mbuzi. Mwenye mbuzi akaomba radhi, watu wakacheka, wakapeana mikono. Eliamini akatazama kulia na kushoto. Sadock alifungua mdomo. Alikuwa amepanga maneno usiku kucha, lakini aliyachelewesha mpaka mwenyekiti akavaa tena kofia.

"Basi kama hakuna, tuingie."

Hapo ndipo Sadock alipomwona Agape. Mtoto alikuwa ameshateremka ukingoni kwenye kona, peku, kopo mkononi, mguu mmoja umeshainuliwa juu ya lile tope jeusi. Alikuwa amechagua mahali ambapo babu huchota kila mwaka.

"Agape, usikanyage hapo!"

Sauti ilitoka kubwa mno. Majembe yote yakasimama. Jenifer akateremka haraka akamnyakua mtoto, kisha akageuka kumtazama Sadock, kama watu wote walivyogeuka, na hakukuwa tena na mahali pa kujificha.

"Lina sumu," akasema. "Tope hilo. Ile risasi aliyoikuta Salha ni yangu mimi. Nilipasua betri pale juu kwenye jiwe, miaka sita, nikazisuuza mferejini. Imetuama kwenye kona hii. Na kwenye kona hii ndiko nilikokuwa nikimchotea shemeji Jenifer."

Maji yalisikika yakichuruzika kwenye tundu.

"Salha aliuliza," akasema Eliamini. "Mbele ya kanisa. Ulisema nzima nzima."

"Nilidanganya, mwenyekiti."

"Sisi sote?"

"Ninyi nyote."

Mtu mmoja nyuma alitamka neno ambalo halisemwi mbele ya watoto, na hakuna aliyemkemea. Mama mmoja aliyetangulia kuingia alimwaga tope kidogo alilokwisha kuchota, akapangusa mikono kwenye majani, akaipangusa tena. Eliamini akatoa amri moja moja, kwa sauti iliyochoka: hakuna atakayebeba tope, ndiva isiguswe, yeye mwenyewe angempigia Salha simu leo hii, na watoto wote waliokula mboga za bustani ile wapelekwe hospitali Same wakapimwe damu, hata kama kipimo kitapelekwa mbali. Kuhusu Sadock alisema jambo lake litajadiliwa siku nyingine. Akanyoosha mkono, na Sadock akampa ile fimbo ya kuzibulia tundu. Miaka kumi na mbili ilikwisha hivyo, bila kelele.

Alitegemea matusi. Alikuwa tayari hata kwa fimbo. Kilichokuja ni Jenifer, akipanda taratibu kutoka kwenye kona, Agape amemshika mkono.

"Kwa hiyo hakuna watu wa hoteli," alisema.

"Hakuna."

"Mboga ulizipeleka wapi?"

"Nilizifukia, shemeji. Zote. Nilitaka zisiingie mdomoni mwa mtu." Akajikuta anaongeza haraka, kwa kuwa hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha kumpa. "Nilitaka hasa zisimfikie Agape. Ndiyo maana nilichukua kila fungu."

Jenifer alimtazama. Hasira ilikuwapo usoni, lakini juu yake kulikuwa na kitu kingine kibaya zaidi, namna ya mtu anayeona haya kwa niaba ya mwenziwe.

"Hukuchukua kila fungu," alisema. "Wewe ni ndugu, na mteja tena. Ningekuuziaje mboga chafu? Nilikufungia majani ya juu, yale masafi. Ya chini, yaliyopakaa tope, hayauziki. Hayo ndiyo tuliyokuwa tukipika sisi. Na kwa kuwa ya juu yote yalikuwa yako, tulikula hayo tu, kila siku."

Akamwinua mtoto, akamweka mgongoni, akaufunga mtandio. Agape, ambaye hakuwa ameelewa lolote zaidi ya kwamba babu amemfokea, aligeuza kichwa begani kwa bibi yake.

"Babu, Jumatatu nilete?"

Sadock alikuwa akiyaona mafungu yale kwenye benchi, moja, mbili, tatu, na mengine, yamepangwa vizuri, masafi, hayana hata chembe ya udongo.